Mtoto na Maji: Tumlinde, Kisha Tumfunze

Mazungumzo ya akina mama na walezi

Kama umeketi, keti vyema. Kama unaosha vyombo au unachambua mboga, endelea na kazi yako huku umetega sikio, kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu kazi hizo hizo za nyumbani, na maji tunayozifanyia.

Lakini kabla hatujaendelea, geuza macho kidogo. Mtoto wako mdogo yuko wapi sasa hivi? Kama humwoni, nenda ukamtazame kwanza, kisha urudi. Tutakungoja.

Mpendwa msikilizaji, katika kipindi hiki tumezoea kuzungumza juu ya chanjo, kuhara, malaria na lishe bora. Mama wengi siku hizi wanajua tarehe ya chanjo ya mtoto hata bila kutazama kadi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kuna kifo kinachoweza kumchukua mtoto aliyemaliza chanjo zote, mwenye afya, aliyeamka asubuhi akanywa uji wake na kwenda kucheza. Hicho ni kifo cha maji.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilisema kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021. Karibu mmoja kati ya kila 4 alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Na zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 vilitokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya kati, kama yetu. Kwa hivyo tusidhani kwamba hili ni jambo la wavuvi na mabaharia tu. Ni jambo la mama aliye na ndoo ya maji mlangoni.

Kuzama hakuna kelele

Watu wengi hudhani kwamba mtu anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. Mara nyingi sivyo. Mtu anayezama anatafuta hewa, na mdomo wake unaingia majini na kutoka. Hana pumzi ya kuita. Mikono yake inabonyeza maji ili ajiinue, kwa hivyo hawezi kupunga. Mtoto mdogo hata hapigani sana na maji. Anatumbukia, na kunakuwa kimya.

Tena ni jambo la muda mfupi. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hadi 6 huanza kuharibika. Huo ni muda wa kwenda kwa jirani kuomba chumvi na kusalimiana kidogo. Ndiyo maana kusema "nitamsikia akilia" si ulinzi. Hutamsikia. Ukiona watoto wanaocheza karibu na maji wamenyamaza ghafla, acha unachofanya na ukimbie ukawatazame.

Mtoto wa chini ya miaka 5: linda, usitegemee maonyo

Wazee walisema, maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maji ambayo kwako ni kidogo, kwa kiumbe mdogo ni bahari. Mtoto aliyeanza kutambaa au kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinama kwenye ndoo ya lita 20 ili achezee maji, kichwa kinamvuta, anaingia kichwa chini miguu juu, na hawezi kujitoa. Hata karai la nguo lenye maji ya kina cha vidole vichache linatosha, ikiwa uso umezama.

Mtoto wa umri huu ukimwambia "usiende kwenye maji" atakuitikia "ndiyo", na baada ya kitambo kidogo atakwenda. Si ukaidi. Akili yake bado haijaweza kushika onyo hilo kila saa. Kwa hivyo kazi ya kumlinda ni yetu sisi watu wazima. Tufanye haya:

Kwanza, mwaga maji uliyomaliza kutumia. Karai la kufulia, beseni la kuogea, ndoo ya kupigia deki: ukimaliza, mwaga na ulaze chombo kifudifudi. Maji unayoyahifadhi, yaweke kwenye mitungi yenye vifuniko, au kwenye pipa lenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukiinua.

Pili, funika mashimo. Kisima kiwe na ukuta kuzunguka mdomo wake na kifuniko kizito chenye kufuli au komeo. Vivyo hivyo tangi la chini ya ardhi. Shimo la choo lililochimbwa likaachwa, shimo la kufyatulia matofali, shimo la takataka, yote hujaa maji mvua inaponyesha. Shimo lisilo na kazi, lifukie. Lenye kazi, lizungushie ua wa miti au miiba wenye lango linalofungwa.

Tatu, weka kizuizi kati ya mtoto na maji. Kama nyumba yako iko karibu na mto, mfereji au bwawa, ubao uliokingama mlangoni hadi kifuani pa mtoto unaweza kumzuia kutoka nje bila wewe kujua. Hauhitaji fundi wa bei ghali.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, awepo mtu mzima mmoja anayejua kwamba zamu ya kumtazama mtoto ni yake. Hebu fikiria kwenye matanga au harusi. Watu wazima wamejaa uani, na watoto wanakimbia huku na huku. Kila mtu anadhani mwenzake anaangalia. Mwisho wake hakuna anayeangalia. Unapotoka, usiseme tu "nimemwacha na watu." Mtajie mtu: "Dada, nakuachia mtoto, naenda dukani." Ngoja akuitikie. Ukirudi, mwambie: "Asante, sasa niko naye."

Na je, tumwachie dada yake wa miaka 8? Mama, tunajua mzigo ulio nao. Kuni ni zako, shamba ni lako, maji ni yako. Lakini mtoto wa miaka 8 hawezi kumlinda mtoto wa miaka 2 kando ya maji. Yeye mwenyewe ni mtoto. Akiitwa na wenzake kuruka kamba, atakwenda. Na mdogo wake akitumbukia, ataingia kumfuata, na utawapoteza wote wawili. Anaweza kukusaidia kumchezesha mtoto ndani ya ua usio na maji. Mtoni asipewe kazi hiyo.

Hatari kubwa iko katika zile saa ambazo mama ana kazi nyingi. Nchini Bangladesh, ambako vijiji vimezungukwa na maji, ilionekana kwamba watoto wadogo wengi walikuwa wakizama kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, wakati mama wako kazini na baba wametoka. Wakaanzisha vituo vidogo vya kulelea watoto kijijini kwa saa hizo tu, chini ya mama mmoja aliyefunzwa na msaidizi wake. Vifo vikapungua sana. Sisi nasi tuna vyama vyetu vya akina mama. Tunachangiana sufuria na tunakopeshana pesa. Hatuwezi pia kupeana zamu? Leo wewe uwatazame watoto wetu sita, wenzako waende mtoni na shambani. Kesho zamu ya mwingine. Hilo halihitaji mfadhili.

Mtoto wa miaka 5 hadi 9: mfunze kwa kumwonyesha

Mtoto akifika umri wa kwenda shule anaanza kuelewa sababu. Sasa unaweza kumfunza. Lakini usimfunze kwa kumkemea ukiwa jikoni. Mshike mkono mwende pamoja hadi kwenye yale maji yaliyo karibu nanyi. Kama ni mto, mwende mtoni. Kama ni mfereji wa mpunga kule Mwea, mwende kwenye mfereji. Kama ni timbo la mawe lililojaa maji, kama yale ya Ndarugo huko Juja, mwende hadi mahali mnapoweza kuliona mkiwa salama.

Chukua fimbo ndefu. Ichovye ukingoni, aone maji yanafika wapi. Kisha ichovye mbele kidogo, aone imezama yote. Mwambie: "Umeona? Juu maji yamelingana, lakini chini hayakulingana." Kwenye mito ya mchanga ya Ukambani, mwonyeshe mahali mchanga ulipochotwa. Mvua ikinyesha, mashimo hayo hufichwa na maji, na mtoto anayedhani anatembea kwenye maji ya magoti hujikuta amezama ghafla. Maji usiyoyafika, hujui wingi wake.

Kisha mfunze mambo manne. Ayarudie mpaka ayajue kama anavyojua jina lake.

La kwanza: Siendi kwenye maji bila mtu mzima, hata kama wenzangu wanakwenda.

La pili: Siingii kwenye maji nisiyoona chini yake.

La tatu: Kitu changu kikianguka majini, nakiacha. Mpira, kiatu, mtungi, hata ndama wa baba. Mama, hapa lazima wewe mwenyewe uweke ahadi. Mtoto anayeogopa kupigwa kwa sababu ya kiatu kilichopotea atakifuata kiatu hicho majini. Mwambie waziwazi: "Kiatu tutanunua kingine. Wewe siwezi kukununua."

La nne: Mwenzangu akizama, siingii. Napiga mayowe, namrushia kitu kinachoelea, na namwita mtu mzima.

Hili la nne lifanyieni mazoezi nyumbani kama mchezo. Chukua mtungi mtupu wa lita 20, uufunge kifuniko chake vizuri, ufunge na kamba kwenye mkono wake. Mtoto mmoja alale nyasini kana kwamba yumo majini. Wengine wasimame mbali, waurushe mtungi umfikie, waseme "Shika!", kisha walale kifudifudi wenyewe na kumvuta polepole. Kwa nini walale? Kwa sababu anayezama akivuta kamba, aliyesimama ukingoni huangukia ndani. Mtungi mtupu unaelea na unaweza kumshikilia mtoto. Kama hakuna mtungi, tumieni fimbo ndefu, tawi, au leso mbili zilizofungwa pamoja.

Fimbo inayoua

Sasa mama, nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu wengine wanapopotelea.

Watoto wengi wakubwa wamekatazwa kwenda mtoni au kwenye timbo. Wanajua wakigunduliwa watachapwa. Kwa hivyo wanakwenda kwa siri. Wanajikausha juani nywele zikauke, wanajipaka vumbi miguuni ili ngozi isionyeshe kwamba walioga, na wanaapishana kwamba hakuna atakayesema. Kisha siku moja mwenzao anazama. Wenzake wanafanya nini? Wanaogopa. Wanajua mtu mzima akiitwa, itajulikana kwamba wote walikuwepo. Wanakimbia. Wengine wanazificha nguo za mwenzao. Jioni mama anaulizia mtoto wake nyumba hadi nyumba, na watoto waliokuwa naye wananyamaza au wanasema hawajamwona. Zile dakika chache ambazo mtoto angeweza kuokolewa zinapita, halafu usiku mzima unapita.

Watoto hao si wabaya. Wamefanya hesabu yao ya kitoto: fimbo wanaijua, kifo hawajakijua.

Kwa hivyo kumkataza peke yake hakutoshi. Leo jioni, mkiwa mnakula, waambie watoto wako maneno haya, na kama unaweza, baba pia awepo ayasikie na kuyakubali: "Mmekatazwa kwenda kwenye maji. Lakini ikitokea mmekwenda na mtu akazama, pigeni mayowe na mkimbie kuita mtu mzima. Atakayekuja kuita hatachapwa. Siku hiyo wala siku nyingine." Kisha utimize ahadi hiyo. Mtoto akija kukuambia "Mama, tulikuwa mtoni na fulani alikaribia kuzama," usichukue fimbo. Mshukuru kwanza, halafu mzungumze, na umpe adhabu nyingine ya kumkumbusha, kama vile kubaki nyumbani siku kadhaa. Ukimchapa siku hiyo, umemfunza kwamba kusema ukweli kunaumiza, na hatakuambia tena.

Mtoto wa miaka 10 na zaidi

Vijana hawa watakwenda kwenye maji, tupende tusipende. Wengine wanachunga mbuzi mtoni, wengine wanachota maji, wengine wanasaidia kwenye mashua za uvuvi. Wanahitaji ujuzi wa kuogelea. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wenye miaka 6 na zaidi wafunzwe misingi ya kuogelea na jinsi ya kuokoana kwa usalama. Ikiwa shule yenu, kanisa au msikiti unaweza kupata mwalimu anayejua na mahali penye maji safi yenye kina kidogo, lisukumeni jambo hilo katika mkutano wa wazazi. Na wasichana wasiachwe. Wao ndio wanaotumwa maji kila siku, na mara nyingi wao ndio ambao hakuna aliyewafunza kuogelea.

Cha kwanza cha kujifunza ni kulala chali juu ya maji, uso ukitazama mbinguni, mikono imenyooshwa, na kupumua bila papara. Anayeweza kuelea hivyo anaweza kungoja msaada. Akichukuliwa na mkondo wa mto, asishindane nao uso kwa uso. Alale chali, miguu itangulie mbele ili isukume mawe, kisha asogee polepole kuelekea ukingoni.

Wakumbushe vijana pia kwamba anayejua kuogelea kwenye bwawa tulivu hajui mto uliofurika. Wasiruke kichwa kwanza kwenye maji wasiyoyajua, kwani chini kunaweza kuwa na jiwe au gogo, na shingo ikivunjika mtu huweza kupooza. Wasichanganye pombe na maji. Na mashindano ya "nani atavuka hadi ng'ambo" si ushujaa.

Kama mtoto wako ana kifafa, asioge mtoni wala ziwani peke yake katika umri wowote. Hata nyumbani aoge kwa kujimwagia maji, mlango usifungwe kwa komeo, na mtu awe karibu.

Ziwani, Pwani na wakati wa mafuriko

Ninyi mlio kando ya Ziwa Victoria, kumbukeni kwamba gugumaji hufanana na majani ya kukanyagika, lakini chini yake ni maji, na mizizi yake hushika miguu. Pia hujificha humo mamba na viboko. Mtoto anayepanda mashua avae jaketi la kuokolea linalomtosha, lililofungwa kabla ya mashua kung'oa nanga. Jaketi lililokaliwa kama mto wa kiti halimwokoi mtu. Upepo ukibadilika au wingu jeusi likitanda, msafiri asisite kusema "tungoje."

Ninyi wa Pwani, mnajua kwamba maji yakipwa watoto hupenda kutembea kwenye miamba kutafuta kombe na pweza. Mwambie mtoto kwamba baada ya saa 6 hivi maji yatakuwa yamejaa tena, na wakati wa bamvua hujaa kwa kasi na kwa wingi. Maji yakianza kurudi, naye aanze kurudi. Asimalizie pweza wa mwisho. Akivutwa na mkondo unaokwenda baharini, asipigane nao moja kwa moja kuelekea ufukweni, kwa kuwa utamchosha. Aogelee kwa kufuata ufuko mpaka autoke mkondo huo, ndipo arudi nchi kavu.

Wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, mito yetu hubadilika kwa saa chache. Mvua inaweza kunyesha milimani nawe ukiwa kwenye jua, kisha maji yakakufikia. Maji yanayokwenda kwa kasi, hata yakiwa chini ya magoti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa, wakiwemo watoto. Kwa hivyo mto ukiwa umejaa, usivuke, na dereva akitaka kuvuka, shuka na watoto wako. Mwambie pia mwalimu kwamba mvua ikiwa kubwa, watoto wanaovuka mto wabaki shuleni mpaka wazazi wawachukue. Kulala njaa shuleni usiku mmoja si kitu ukilinganisha na maji.

Mtoto akitolewa majini

Sasa tujifunze la kufanya mtoto akitolewa majini. Kwanza, yale yasiyofaa. Usimning'inize kichwa chini. Usimzungushe. Usimbonyeze tumbo ili maji yatoke. Maji ya tumboni si shida kubwa. Shida ni hewa. Ukimbonyeza tumbo atatapika, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usingoje mwenye mashua, mganga wala polisi. Anza wewe.

Mlaze chali mahali pagumu na bapa. Mwite na umguse. Huku mwingine akikimbia kutafuta gari au bodaboda, inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu. Tazama kama kifua kinapanda, kwa muda usiozidi sekunde 10.

Kama hapumui, mpe pumzi 5. Ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako na upulize mpaka kifua kiinuke. Kama ni mtoto mchanga, usiinamishe kichwa sana, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja.

Kama bado hajaanza kupumua, weka kiganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kifua kiingie ndani kiasi cha theluthi moja ya unene wake, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mchanga, mzungushie mikono yote miwili kifuani na ubonyeze kwa vidole gumba viwili. Bonyeza mara 30, kisha pumzi 2. Tena mara 30, pumzi 2. Endelea bila kuacha mpaka apumue au mpaka afike kwa mhudumu wa afya. Ukichoka, mwingine apokee. Akitapika, mgeuze ubavu, futa mdomo, endelea.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa leso au blanketi kavu, na mpeleke hospitali. Mpeleke hata kama ameketi na anaongea. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Akikohoa bila kukoma, akihema haraka au akilegea na kusinzia, hiyo ni dharura. Nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu hapa Kenya ni 1199. Za polisi ni 999 na 112. Ziandike ukutani kwa makaa kama huna kalamu.

Mambo haya hujifunzwa kwa mikono, si kwa redio peke yake. Mwombe muuguzi wa zahanati yenu au mhudumu wa afya wa kijiji awaonyeshe siku ya mkutano wa chama.

Kazi ya wiki hii

Mama, usiizime redio ukasema umesikia mambo mazuri. Kuna jambo la kufanya leo, kesho na Jumapili. Leo, zunguka ua wako na ufunike au umwage kila chombo chenye maji. Usiku, waambie watoto ile ahadi ya kutochapwa. Kesho, funga mtungi mmoja mtupu na kamba, mwende mkauninginize juu ya mti karibu na mahali mnapochota maji, na mkubaliane na majirani kwamba hautachukuliwa kutiwa mafuta ya taa. Jumapili, mkae akina mama watatu au wanne mpange zamu. Na kama kuna timbo au shimo kubwa kijijini lililoachwa wazi, lipelekeni jambo hilo kwenye baraza la chifu, mwenye shamba akiwepo, kabla ya likizo ya Aprili, Agosti au ya mwisho wa mwaka. Watoto wakifunga shule ndipo maji huwaita.

Tangu mwaka wa 2021, Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha dunia juu ya vifo vya maji. Lakini kwa mama mwenye mtoto anayetambaa, siku hiyo ni kila siku.

Haya uliyoyasikia, mwambie jirani ambaye hana redio. Kwaheri, na Mungu awalinde watoto wetu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Taja sehemu zote zenye maji yaliyo wazi, kutoka nyumbani kwako hadi shuleni. Ni zipi zinazoweza kufunikwa au kuzungushiwa ua wiki hii?

2. Saa ngapi mchana huwa una kazi nyingi zaidi? Wakati huo mtoto wako mdogo hutazamwa na nani?

3. Mtoto wako akirudi na kusema walikuwa mtoni na mwenzao alikaribia kuzama, utamjibuje? Baba yake je?

4. Onyesheni kwa zamu: kurusha mtungi wenye kamba, na kumpa pumzi mtoto asiyepumua. Tumieni mto wa kulalia kama huna mwanasesere.